Barua ya dharura kwa jamii za asili za Amerika ya Kati: umwandikie nani, uombe nini, uache nini

Barua ya dharura ni ile ambayo mtu aliye mbali humwandikia ofisa wa serikali pale jamii inapokuwa hatarini. Ombi la barua hutoka kwa jamii yenyewe au kwa shirika lake, kama vile COPINH la Walenca au OFRANEH la Wagarífuna, yote ya Honduras. Ukiona habari mtandaoni na hakuna aliyekuomba kitu, usimwandikie waziri bado. Liandikie kwanza shirika lao kwa Kihispania chepesi na uulize mambo manne: tukio limetokea lini na wapi hasa, majina gani yanaweza kutajwa hadharani, wanataka nini kifanyike, na nini kisiguswe. Saa za Guatemala na Honduras ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa, kwa hiyo ofisi ikifunguliwa kule saa 3 asubuhi, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 12 jioni. Usikae ukisubiri jibu la mchana.

Swali la tatu, wanataka nini kifanyike, ndilo wengi huliruka, kwa kudhani jibu linajulikana. Mtu akitishiwa, aliye mbali huiomba serikali ipeleke askari. Lakini huko Río Blanco, Honduras, Julai 2013, aliyemuua kwa risasi kiongozi wa Kilenca Tomás García alikuwa mwanajeshi, wakati wanakijiji wakipinga mradi wa umeme wa Agua Zarca katika mto Gualcarque. Kuomba askari zaidi mahali kama hapo ni kuwaongezea watu hatari. Huenda wao wanataka hati ya kukamatwa ifutwe, au mashine ziondoke shambani hadi kesi isikilizwe, au wasindikizaji wa kimataifa wasio na silaha. Waandikie hicho walichosema, hata kama wewe ungeomba kingine.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje nani, wapi, tarehe gani. Aya ya pili itaje sheria. Aya ya tatu iwe na maombi mawili au matatu ambayo ofisa anaweza kuyajibu ndiyo au hapana. "Tunaomba ukiukaji wa haki ukomeshwe" halijibiki. "Tunaomba ofisi yako itueleze ni mwendesha mashtaka yupi amepewa jalada hili" linajibika, na likinyamaziwa, ukimya huo nao unaweza kuuandikia barua. Heshima iwepo mwanzo hadi mwisho, maana barua yenye matusi inampa karani sababu ya kuitupa.

Kwenye sheria ndiko watu hujikwaa. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani unazitaka serikali kushauriana na jamii za asili kabla ya hatua zinazozigusa (kifungu cha 6) na kabla ya uchimbaji wa rasilimali za ardhi yao (kifungu cha 15). Costa Rica iliuridhia 1993, Honduras 1995, Guatemala 1996, Nicaragua 2010. Panama, El Salvador na Belize hazijauridhia. Ukiutaja kwa Panama kana kwamba unaibana, wizara itajibu hoja hiyo tu na kuliacha swali lako. Huko tumia Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili. Hukumu ya kesi ya jamii ya asili ya Awas Tingni dhidi ya Nicaragua, iliyotolewa 2001 na Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, nayo ina uzito, kwa kuwa ilitambua umiliki wa ardhi unaotokana na mila hata pasipo hati. Wasomaji wa Kenya huenda wanaifahamu bila kujua: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliirejea ilipoamua kesi ya ardhi ya Waendorois wa Kenya.

Peleka barua kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa nchi, na nakala ubalozini. Kama ubalozi wao haupo kwenu, tumia ujumbe wao wa kudumu Geneva au New York. Nakala nyingine iende kwa shirika lililokuomba. Barua ishirini zenye maneno tofauti zinasomwa. Barua pepe elfu moja zilizonakiliwa neno kwa neno huishia kwenye kichujio.

Kisha fuata pesa, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili aliyeko Uholanzi, Finland au Marekani ana nguvu kuliko aliyeko Mombasa. Agua Zarca ilikuwa na mkopo wa benki za maendeleo, FMO ya Uholanzi na Finnfund ya Finland. Berta Cáceres, kiongozi wa COPINH, aliuawa tarehe 2 Machi 2016. Wiki mbili baadaye mwenzake Nelson García naye akauawa, ndipo benki hizo zikasimamisha malipo. Zilijitoa kabisa Julai 2017. Raia na wapigakura wa nchi hizo wana mbunge wa kumwandikia kuhusu benki ya umma. Lakini mkopo kuondoka hakufuti kibali cha mto, na COPINH iliendelea kudai kibali hicho kifutwe, kwa hiyo usitangaze ushindi kwa niaba yao.

Kuwapata wafadhili si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Iombe jamii picha ya kibao cha mradi, chukua jina la kampuni, litafute kwenye orodha za miradi ambazo benki za maendeleo huchapisha. Usiishie kwa mkopeshaji; mkandarasi na muuza mitambo nao wana sifa ya kulinda. Ofisi za malalamiko zina masharti yake. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia hupokea malalamiko ya watu wawili au zaidi walioathirika. Kwa miradi ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili kampuni binafsi, kuna ofisi ya malalamiko iitwayo CAO. Mlalamikaji ni mwathirika au mwakilishi aliyepewa idhini, si wewe. Kazi yako ni kutafsiri, kutunza nyaraka na kuulizia.

Jamii ikitaka hatua za tahadhari, yaani Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyoko Washington, iitake serikali imlinde aliye hatarini, lazima ithibitishe uzito, uharaka na madhara yasiyorekebishika. Haihitaji kumaliza mahakama za ndani kwanza, tofauti na shauri la kawaida. Usitegemee karatasi peke yake: Berta Cáceres alikuwa na hatua hizo tangu 2009. Ndiyo maana barua za baadaye huuliza utekelezaji: nani anasimamia, simu ya dharura inajibiwa saa ngapi, mkutano wa mwisho na mlindwa ulikuwa lini.

Kabla ya kusambaza picha, futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na usitangaze mkutano ambao haujafanyika. Pesa nazo ziulizie kwanza. Nicaragua ina sheria ya 2020 ya "mawakala wa kigeni" inayomtaka anayepokea fedha za nje ajisajili, na mchango mdogo wa nia njema unaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Weka daftari la tarehe, mpokeaji, ombi na jibu. Baada ya wiki sita liulize shirika kama barua ziendelee. Wakisema simameni, kwa mfano kwa sababu mazungumzo yameanza, wajulishe wote waliokuwa wakiandika siku hiyo hiyo.