Kumtoa kuku wa nyama bandani hadi kisuni bila kuharibu nyama

Msimu wa korosho ukifika, hela inazunguka Mtwara na oda za kuku zinafuatana. Tatizo ni kwamba joto nalo limepanda. Ndipo mama lishe anaporudi na malalamiko: nyama imepauka, laini kama uji, inatoa maji sufuriani na kusinyaa. Wengi hulaumu chakula. Mimi huuliza kwanza kuku alikamatwaje na alisafirije.

Misuli ya kuku ina akiba ya sukari, glaikojeni. Akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) hushuka taratibu kutoka kama 7 hadi karibu 6. Akipapatika sana au kuzidiwa na joto dakika za mwisho, asidi hujaa upesi huku mwili ungali wa moto, protini huharibika na nyama haishiki maji. Aliyeteseka muda mrefu ni kinyume chake: akiba imeisha, asidi haitoshi, nyama inakuwa nyeusi, kavu, na huoza haraka.

1. Toa chakula, acha maji. Saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja zinatosha, na safari imo humo humo. Maji yatolewe wakati wa kukamata tu.

2. Kamata gizani. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo hutulia. Tumia tochi hafifu, usimfukuze. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa. Kumnyanyua kwa mguu mmoja ni kutafuta nyonga iliyochomoka na damu iliyovilia pajani.

3. Safiri kabla ya jua. Hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Kuku hana tezi za jasho. Hupoa kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu hupunguza nguvu ya huko kuhema. Wale wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda kutoka Mikindani wanafika wamekwisha choka, hata kama njia ni fupi. Weka kwenye tenga lenye matundu, wasibanane. Usisimame juani kupiga stori: gari likisimama, upepo nao umekatika.

4. Wapumzishe kivulini, penye upepo, saa moja au mbili. Acha nafasi kati ya matenga.

5. Chinja kwa utulivu. Faneli, yaani koni anayotiwa kuku kichwa chini, humbana mabawa asipapatike. Mwache damu itoke kama dakika mbili, uhakikishe amekufa, ndipo umtie maji ya moto.

6. Poza mara moja kwa maji ya barafu. Kidari usikitoe mfupani kabla ya saa 4 kupita tangu kuchinja, kitakuwa kigumu.

Ukishanyonyoa, kagua michubuko. Nyekundu ni ya muda huo huo, kwa hiyo zungumza na mkamataji au dereva. Ya kijani ina siku moja au zaidi. Hiyo ilitokea bandani.