Jinsi ya kuitambua Dactylioceratidae: geuza uangalie mgongo

Watu wengi wakiokota amonaiti (kisukuku cha mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba lililojikunja, na Dactylioceratidae ni familia yao mojawapo) wanailaza chini, wanapiga picha ya ubavuni halafu wanauliza hii ni nini. Geuza bwana, angalia mgongo, yaani ile kingo ya nje ya mzunguko, majibu mengi yako hapo.

Tuseme uko pwani ya Whitby, Yorkshire, Uingereza. Miamba ya pale ni ya Jurasiki ya mwanzo na nyingi ni za Toarsiani, yaani sehemu ya mwisho ya hiyo Jurasiki ya mwanzo, kama miaka milioni 180 hivi iliyopita, na familia mbili ndo zinawachanganya watu: Dactylioceratidae na Hildoceratidae. Usitegemee tabaka peke yake manake Dactylioceras ya familia ya kwanza na Hildoceras ya familia ya pili unaweza kuzikuta kwenye tabaka za umri uleule.

Pitisha kucha taratibu mgongoni. Kwa Dactylioceras utasikia vituta vidogo mfululizo, kwa sababu mbavu, yaani ile mistari iliyoinuka kwenye gamba, zinapanda zimenyooka na zimebanana, zikikaribia mgongo nyingi zinagawanyika mbili, halafu zinavuka hadi upande wa pili bila kukatika. Kwa Hildoceras kucha inagonga mkuku katikati, yaani ukingo uliojitokeza kama mkuku wa mashua, na kila upande wa mkuku kuna mfereji, mbavu zake nazo zimepinda. Ukikuta vinundu na mbavu zinaungana mbili mbili kwenye kinundu, usiitoe kwenye familia, hiyo inaweza kuwa Peronoceras, ni ndugu yake Dactylioceras.

Kama mgongo umesagika, cheki mizunguko ya ndani. Dactylioceras imejikunja kama kamba iliyolazwa chini, mzunguko wa nje haufuniki sana wa ndani, zote unaziona. Zile zilizobanwa bapa kwenye mwamba wa tope ndo kazi, mgongo hauonekani kabisa, hapo tumia umbo la mbavu tu na uishie kwenye jenasi, jina la spishi achana nalo.

Ukikuta yenye kichwa cha nyoka usishangae, kuna mtu alikichonga. Zamani mafundi wa Whitby walikuwa wanachonga vichwa kwenye amonaiti ili ziendane na hadithi ya Mtakatifu Hilda, mtawa wa kale wa Whitby, aliyegeuza nyoka kuwa mawe, na cha kuchekesha ni kwamba jina la Hilda lilienda kwa ile familia nyingine.

Vitonge vya mawe vilivyoanguka ufukweni ndo vya kupasua, genge lenyewe usiliguse kwa nyundo maana linamomonyoka, vaa miwani ya kinga, na ujue maji yanajaa saa ngapi kabla hujashuka. Andika palepale ulipokiokotea, kisukuku kisicho na mahali kinapoteza nusu ya thamani yake kwa utafiti.

Na umri nao uangalie: familia ya Dactylioceratidae ilitoweka kabla Toarsiani haijaisha, wakati amonaiti wengine waliendelea hadi miaka milioni 66 hivi iliyopita, kwa hiyo mtu akikuletea Dactylioceras anayosema ni ya Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasiki, mrudishie jiwe lake.