Kabla bastola haijaingia nyumba yenye watoto, sefu itangulie

Kama leseni yako imetoka au iko njiani, naomba usome hii kabla hujaenda kuchukua bastola yenyewe, maana wengi wanafanya kinyume, silaha inafika nyumbani leo alafu sefu tutaangalia mwisho wa mwezi, na kwa muda huo wote inalala juu ya kabati au chini ya godoro au kwenye sanduku la gomesi za mama watoto. Mimi nasema sefu iwe imeshafungwa ukutani, imejaribiwa, inafanya kazi, ndo silaha iingie. Hata usiku mmoja wa katikati sikubali.

Mzazi atakwambia wangu hawajui iko wapi, au wangu nimeshawaonya hawawezi kugusa. Kule Alabama, Marekani, watafiti waliuliza wazazi na watoto wao kila mmoja kivyake, matokeo yakatoka 2006: kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki inakaa wapi, asilimia 39 watoto wao walisema wanajua. Kuna utafiti mwingine wa 2001, hukohuko Marekani, wavulana wa miaka 8 mpaka 12 waliachwa kwenye chumba vikundi vidogo vidogo, na ndani ya droo kulikuwa na bastola ya kweli isiyo na risasi. Vikundi 29, 21 vikaipata, 16 wakaishika, na kwenye vikundi 10 kuna mtoto alivuta triga. Kinachoniuma zaidi ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hao walioishika au kuvuta triga walisema walishafundishwa habari za usalama wa bunduki. Kwa hiyo wafundishe, ni haki yao, ila usitegemee mafundisho wala kuficha. Tegemea chuma na kufuli.

Alafu nyumba zetu Uganda hazina watoto wako tu. Shule za bweni zikifunga muhula wa tatu nyumba inajaa, binamu kutoka Mbale, mtoto wa dada kutoka Arua, watoto wa jirani wanakuja kuangalia televisheni, na dada wa kazi anafagia mpaka chini ya kitanda chako. Sefu unayochagua ipime kwa siku hiyo ya Desemba ambapo nyumba ina watoto kumi na wewe uko dukani, usiipime kwa siku mmekaa wenyewe kimya.

Sasa kufuli. Ziko za alama ya kidole, za vitufe vya umeme, na za vitufe vya mekanika zisizotumia betri kabisa. Watu wanapenda ya kidole sababu inaonekana ni haraka, na ikiwa nzuri kweli ni haraka, lakini angalia kilichotokea Marekani Oktoba 2023, kampuni ya Fortress ilirudisha sefu kama 61,000 za kidole baada ya watu kuripoti kwamba zinafunguka kwa kidole ambacho hakijasajiliwa, na kulikuwa na kesi mahakamani kuhusu kifo cha mtoto wa miaka 12. Nyingine za aina hii zikitoka kiwandani kabla hujasajili kidole chochote zinafunguka kwa mtu yeyote, na ukidhani umesajili kumbe hukumaliza hatua ya mwisho, inabaki hivyo hivyo na wewe unajua umefunga. Ukinunua ya kidole, basi ikiwa tupu, itisha watoto wote waweke vidole vyao vyote kimoja kimoja, na mama yao, na wewe vidole ambavyo hukusajili. Kikifungua hata kimoja irudishe dukani. Na ujaribu vidole vyako vikiwa na jasho, na maji, na mafuta ya kupikia, maana ukiwa na fundi wa gereji au mtu wa shamba alama za vidole zimelika na sefu itamkataa usiku ule anaoihitaji. Kwangu mimi, kwa nyumba nyingi, vitufe vya mekanika ndo chaguo. Hakuna betri ya kuisha, hakuna betri ya kuvuja na kula waya.

Zile sefu ndogo za hoteli zinazouzwa Kampala kila mahali kwa bei nafuu, kaa mbali nazo kwa kazi hii. Nyingi zinakuja na namba kuu ya kiwandani ambayo meneja wa hoteli anatumia mgeni akisahau yake, na namba hiyo mara nyingi ni sifuri tupu au mfululizo rahisi. Mnunuzi anabadilisha namba yake anafurahi, ile kuu imebaki palepale. Kama tayari unayo, soma kitabu chake uibadilishe leo.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui: sefu nyepesi za umeme ndani zina kipini kinachoshikiliwa na springi, na umeme ndo unakivuta. Ukiinua sefu sentimita chache ukaiangusha, au ukaipiga juu kwa ngumi huku unazungusha kishikio, kipini kinaruka na mlango unafunguka. Mwaka 2012 wataalamu wa kufuli wa Marekani walionyesha hivyo kwa sefu za bastola za madukani kabisa, na aliyekuwa anafungua baadhi yake ni mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo dukani ifunge, inua, dondosha juu ya kaunta, gonga pande zote. Muuzaji akikukatalia, toka. Na hii ndo sababu ya kwanza ya kuifunga na bolti, wengi wanadhani bolti ni za mwizi asiondoke nayo, ni kweli pia, lakini sefu isiyoinuka mtoto hawezi kuiangusha. Tumia bolti za kupanuka kwenye tofali lenyewe au kwenye zege ya sakafu, sio kwenye plasta, na sio kwenye kabati la mbao za kubandika, hizo skrubu zinang'oka kwa mkono.

Namba ya siri: isiwe ya mobile money. Watoto wetu wanaijua PIN ya simu kuliko sisi, wao ndo tunawatuma wamtumie bibi hela! Isiwe mwaka wa kuzaliwa, na uikinge na mkono unapobonyeza.

Kuhusu haraka. Haraka inatoka kwenye mazoezi, wala sio kwenye kuiacha wazi. Bastola ikiwa tupu, zima taa, lala, alafu amka ufungue kwa kupapasa, rudia mpaka mkono ujue wenyewe, maana umeme ukikatika hutaona vitufe. Askari getini, mbwa, vyuma vya madirisha, mlango wa chumba wenye komeo zuri, hivyo ndo vinakupa zile sekunde. Utafiti wa 2005 Marekani ulikuta mambo manne, kila moja likiendana na kupungua kwa watoto na vijana kujiumiza au kujiua kwa bunduki ya nyumbani: bunduki kufungiwa, kukaa bila risasi, risasi kufungiwa, na risasi kukaa mbali na bunduki. Ukiweza yote manne, fanya yote manne. Ukiona lazima magazini, kile kikasha cha risasi, ikae sefu moja na bastola, basi angalau chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu, ila usijidanganye kwamba mtoto hana nguvu za kukoki, yaani kuvuta risasi iingie chemba, wa miaka kumi anazo. Na kama kuna kijana nyumbani amekata tamaa, amebadilika, haongei, hapo sefu haitoshi, silaha itoke nyumbani kabisa, nenda polisi uulize wakushikie.

Na fikiria ile dakika unayoingia nyumbani. Watoto wanakimbilia mfuko, wanatafuta mkate na peremende, na bastola iko kwenye mfuko uleule au umeiacha dashibodi. Kabla ya salamu, kabla ya viatu, sefu kwanza, na familia nzima izoee kwamba baba au mama anapita chumbani ndo anakuja kukumbatia.

Ukiwa Entebbe, Jinja, karibu na ziwa, weka vile vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya sefu bastola isishike kutu, na uvibadilishe.

Ufunguo wa akiba unaokuja na sefu usiuache kwenye droo, wala kwenye boksi lake, wala juu ya mlango, ukae kwenye droo yenye kufuli ofisini kwako, mahali ambapo mtoto wa nyumba hiyo hafiki.