Uhamisho umekukuta kodi umeshalipa: mambo ya kuzingatia kabla hujafungasha

Barua ya uhamisho ikitoka, wengi huanza kuulizia gari la mizigo. Gari lisubiri. Cha kwanza ni fedha iliyoko kwa mwenye nyumba, maana Mwanza kodi hulipwa mbele: miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima. Tuseme umelipa 900,000 kwa miezi 6 ya nyumba ya Nyakato, na uhamisho wa kwenda Geita umekukuta miezi 2 imeisha. Shilingi 600,000 zako bado ziko kwake. Anayevunja mkataba ni wewe, mwenye hela mkononi ni yeye, kwa hiyo unahitaji kujipanga kabla hujafungua mdomo.

Soma mkataba kwanza. Tazama notisi ni ya muda gani, na kama imeandikwa kuwa kodi ikishalipwa hairudishwi. Ukikuta sentensi hiyo usikate tamaa mapema. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba, hapa mwenye nyumba, fidia ya hasara iliyompata, na katika kuikadiria hasara hiyo huangaliwa pia njia zilizokuwepo za kuipunguza. Hiyo ni hoja nzuri ya kuingia nayo kwenye mazungumzo, hasa kama mpangaji mwingine yuko tayari kuingia wiki ileile. Kama mlipatana kwa mdomo tu, kusanya meseji za miamala, risiti na slipu za benki sasa hivi, kabla hujabadilisha simu au laini.

Muulize pia mwajiri wako. Mtumishi wa umma aliyehamishwa na mwajiri ana stahiki zake za uhamisho. Aliyeomba mwenyewe kuhama hujigharamia. Kwenye kampuni binafsi ni suala la maelewano, na wakati wa kuitaja kodi utakayoipoteza ni kabla hujasaini kukubali kituo kipya. Ukishasaini, nguvu yako imepungua sana.

Kisha nenda kwa mwenye nyumba ana kwa ana. Usimtumie meseji. "Shikamoo mzee. Kazini wamenihamisha, natakiwa niripoti Geita tarehe moja. Nimeona nije mapema tuzungumze ile miezi iliyobaki." Mpe nakala ya barua ya uhamisho, na baada ya mazungumzo mwachie notisi ya maandishi yenye tarehe. Kumbuka kwamba mara nyingi hela hiyo imeshakwenda kwenye ada za watoto au mabati ya nyumba nyingine. Kumdai yote kwa mkupuo ni kumlazimisha akatae. Mwombe akulipe pale mpangaji mpya atakapolipa, au kwa awamu mbili, na muandikiane.

Hapo ndipo mpangaji mbadala anapokuwa silaha yako kubwa kuliko sheria yoyote. Mtafute mwenyewe, usimwachie mwenye nyumba kazi hiyo. Ukiwa upande wa Malimbe au Nyegezi, wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT hutafuta vyumba kwa wingi chuo kinapofungua mwishoni mwa mwaka. Karibu na hospitali ya Bugando kuna wauguzi na wanafunzi wa udaktari. Waulize wafanyakazi wenzako, maana huenda anayekuja kushika nafasi yako naye anahitaji pa kukaa. Dalali ni msaada, ila patana naye mapema nani atamlipa. Na jambo moja nalisisitiza: usipokee kodi ya mgeni mkononi mwako bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Wakikosana baadaye, utatafutwa wewe, nawe uko mbali.

Kwenye luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, kuna hela ndogo inayosahaulika. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia mita, na anayedaiwa kodi hiyo kisheria ni mwenye jengo. Kama mita ni yako peke yako, pitia meseji za tokeni, jumlisha makato hayo na uyataje kwenye hesabu ya mwisho. Uniti zilizobaki hazihamishiki. Punguza manunuzi wiki za mwisho. Ankara ya maji ya MWAUWASA ilipwe hadi siku ya kutoka, na risiti uiweke.

Piga picha kila chumba kikiwa kitupu: kuta, vitasa, masinki, vioo. Ufunguo usiuache kwa jirani. Ukabidhi mbele ya shahidi, ikiwezekana mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na karatasi mtakayosaini itaje siku ya makabidhiano, usomaji wa mita, kiasi cha salio, na tarehe ya kulipwa. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo baraza la kata mambo yakiharibika.

Sasa tafuta gari. Kwa mizigo ya Geita au Bukoba, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, basi usikubali kutozwa nauli ya kivuko. Kama unakaa juu mlimani, Igogo au Mabatini ambako kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, haifiki mlangoni, malipo ya wabebaji wa kushusha vitu kwa ngazi kwa kawaida hayamo kwenye bei ya gari. Patana nao kabla kabati halijatolewa nje.