Kuingiza filamu yako Kalasha ukiwa Mombasa: fomu ni rahisi, muziki ndio utakutoa jasho

Kwanza jueni Kalasha ndio tuzo za filamu na televisheni za serikali, zinaendeshwa na Kenya Film Commission tangu 2009, si zile za kulipia meza ukapewa kikombe. Kuingia ni mtandaoni, kwa hivyo asikudanganye mtu eti lazima uwe na mtu wako Nairobi wa kukupelekea.

Tangazo la kuingiza filamu likitoka soma tarehe za filamu zinazokubaliwa, chagua kitengo, majina ya waigizaji na mafundi yaandike vile vile yalivyo mwisho wa filamu. Kama hujapata daraja la KFCB, ile bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, lishughulikie mapema, sheria inalitaka kabla ya kuonyesha watu, na ofisi wanayo hapa hapa Mombasa.

Sasa muziki. Sisi tulikuwa na sini ya harusi Mji wa Kale, redio inapiga taarabu kwa mbali, sekunde chache tu. Ukitangaza kwenye fomu kwamba una haki za kila kitu kilichomo, hiyo redio pia imo, na wimbo una wenyewe wawili, mtunzi na mwenye rekodi. Mtunzi, mzee wa watu, alisema chukueni wanangu, akatia sahihi barazani kikombe cha kahawa mkononi. Mwenye rekodi sasa! Akaturusha kesho baada ya alasiri, kesho baada ya alasiri, mwisho akaitisha pesa kushinda tulizotumia kulisha watu shuti nzima. Tukamwambia asante bwana, tukamwita kijana wa kinanda atupigie kitu chake kipya, na karatasi ya ruhusa akasaini kabla hajagusa kinanda. Anzeni hapo, msingoje kuhariri.

Faili usipandishe siku ya mwisho kwa cyber, maana stima ya huku inajua kupotea faili ikifika asilimia 90. Na linki ya filamu ijaribu kwa simu ya mtu ambaye hajaingia akaunti yako, jaji akikuta imefungwa hatakupigia kukuuliza paswedi.

Ukiteuliwa kuna majaji na kuna kura za wananchi, hapo sasa magrupu yote ya WhatsApp ya ukoo yana kazi, hata lile la mazishi. Hafla ni Nairobi, nauli juu yako. Treni ya SGR, economy ilipandishwa hadi 1,500 mwaka wa 2024, kata mapema, ikijaa ni basi la usiku na suti yako kwenye mfuko wa nailoni.