Kupunguza msongo wa walimu: mwalimu mkuu aanzie wapi

Anza na ratiba, si semina. Andika jina la kila mwalimu, vipindi vyake kwa wiki, madaftari anayosahihisha na majukumu ya ziada: taaluma, nidhamu, chakula, michezo. Iwe Bahi au Chamwino, wilaya za hapa Dodoma, mara nyingi utakuta mmoja kabeba matatu kwa sababu tu hajui kukataa. Mpunguzie moja wiki hiyohiyo.

Madaftari ndiyo yanayomaliza watu. Wanafunzi 120, dakika 2 kwa daftari, ni saa 4 kwa zoezi moja. Ruhusu mwalimu asahihishe madaftari ya safu 2 za madawati kwa siku. Wanafunzi waliobaki wabadilishane madaftari na kusahihishana, majibu yakiwa ubaoni. Wathibiti ubora wa shule (wakaguzi) wakihoji, ujibu wewe.

Usimgombeze mwalimu mstarini. Heshima yake ikivunjika mbele ya wanafunzi, ataitafuta kwa fimbo. Mwite ofisini, na aanze yeye kueleza.

Ujumbe wa kazi kwenye kundi la WhatsApp ukome saa 12 jioni. Choo chenye kitasa, maji ya kunywa, kiti kwa kila mtu: ni madogo kwa asiyeyakosa.

Mwalimu mchangamfu akinyamaza, akikasirika ovyo au kukosa usingizi kwa wiki 2, mshauri aende hospitali ya wilaya, na umpe ruhusa bila maswali mbele ya wenzake. Utani wa "huyu apelekwe Mirembe" upige marufuku ofisini. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyopo hapahapa Dodoma, na utani huo ndio unaowafanya watu wafiche mpaka wazidiwe.