Kipa wa benchi, jipange ukiwa bado wavaa glavu

Mdogo wangu, kama wewe ni kipa namba mbili, msimu huu Changamwe msimu ujao Likoni, hii ni yako. Mimi nimepita timu sita na mechi nilizoanza hazijazi misimu miwili.

Kuna mtu aitwa Bob Uecker, alikuwa kecha wa besiboli Marekani. Kecha ndiye yule achutama nyuma ya mpigaji na chuma usoni, magoti yamuuma yeye na sifa apewa mrushaji, yaani ni sisi tu. Alicheza ligi kuu 1962 mpaka 1967, Milwaukee, St. Louis, Philadelphia, Atlanta, na kwa kupiga, mara tano afaulu moja. Basi 1971 akaanza kutangaza mechi za Milwaukee Brewers redioni na hakutoka pale hadi 2024, na vichekesho vyake vingi vilikuwa vya jinsi alivyokuwa mbovu uwanjani! Alikufa Januari 2025.

Alafu kuna Bruce Bochy, naye kecha wa akiba, kuja kuwa kocha akabeba ubingwa wa ligi hiyo kuu mara nne, 2010, 2012, 2014 na 2023. Kecha huutazama uwanja mzima mbele yake, kama kipa.

Kwa hivyo benchi usikae na simu. Beba daftari, andika kona zao wapigaje, nani akichoka huacha mtu wake. Siku moja Tononoka nilimwambia namba moja wetu wakati wa mapumziko, yule winga akiinua mkono wa kushoto mpira waja nguzo ya karibu. Dakika kumi baadaye mkono huo juu, jamaa katoka kaudaka, kocha kanigeukia, "We umejuaje?" Tangu hapo mazoezi ya makipa wadogo nikapewa mimi, na nauli juu.

Kozi ya ukocha, leseni D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ifanye sasa, usingoje magoti yakatae. Magoti yenyewe ni barafu kila baada ya mazoezi, ya wauza samaki ni rahisi.

Mkataba wa mdomo usikubali hata kama mwenyekiti ni mjomba wako, timu moja yanidai... ah, nayidai mimi, miezi miwili mpaka leo na sina karatasi. Saini, piga picha, mtumie mamako.

Na ukipata pesa ya usajili ukanunua tuktuk, usimpe binamu aendeshe. Wangu tukikutana Kongowea huvuka barabara.